Kichwa Chini ya Taa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Namwomba ndugu yetu wa mitambo asiizime hii taa iliyo juu ya kichwa changu. Taa ya aina hii ndiyo adui wa mwanamume anayenyonyoka nywele, na leo nataka mmwone adui akiwa kazini.

Haya, nainama. Mnaona nini? Nywele, sivyo? Waliokaa mstari wa mbele wakikaza macho wataona weusi wa utosini umekolea kidogo kuliko wa pembeni. Ule weusi si nywele zangu. Ni manyoya ya kondoo.

(Kicheko.)

Sitanii. Kopo hili lina nyuzi fupi mno, laini kama vumbi la mkaa. Nyingi hutengenezwa kwa keratini ya sufu, yaani protini ya jamii ileile iliyojenga nywele zetu. Nyingine hutokana na pamba. Ukizinyunyiza, umeme tuli, ule unaofanya chanuo linase vipande vya karatasi, huzigandisha kwenye nywele zilizobaki. Unywele uliokonda unaonekana umenenepa. Kwa hiyo nyuzi hizi zinataka mwenyeji. Penye ngozi tupu hazina pa kushika, zitalala tu kama masizi, na mtu wa kwanza kukutazama atajua. Mwenye upara uliokwisha kung'aa nisimdanganye: kopo hili si lake.

Jicho la mtu halihesabu nywele. Linachokiona ni ngozi inayomeremeta katikati yake, hasa mwanga ukitoka juu. Ukipunguza tofauti ya rangi kati ya ngozi na nywele, umemaliza robo tatu ya kazi. Ndiyo maana wengine hutumia poda ya kushindilia kwa sifongo, au krimu, wakaipaka rangi ngozi yenyewe. Kuna na rangi za kupuliza; mimi sizipendi, nywele hukauka zikawa kama brashi ya viatu.

Utaratibu ni mfupi, ila mpangilio wake usiuvuruge. Osha, kausha kabisa. Kama unatumia dawa ya kupaka, ipake kwanza na uisubiri ikauke, maana ukinyunyiza juu ya unyevu utapata madonge. Kisha nyunyiza kidogo, gongagonga kwa vidole, puliza dawa ya kushikilia. Rangi ichague kwa kuangalia mashina ya nywele. Mwenye mvi achanganye makopo mawili. Na tafadhali, usijichoree ukingo mpya kwenye paji la uso. Ukingo wa kweli una mapengo na vinywele vilivyopotea njia. Ule ulionyooka kama umepigwa rula unakusengenya kwa kila mpita njia. Panja ziache zilivyo.

Na jasho? Nyuzi zikishapuliziwa huvumilia upepo na jasho jembamba. Kusuguliwa ndiko hazivumilii. Siku moja nilikuwa kwenye mkutano, chumba kina joto, nikatoa leso nyeupe nikajifuta mpaka juu ya paji, kisha nikaiweka mezani. Jirani yangu akaitazama leso, akanitazama mimi, akarudi kuitazama leso. Hakusema neno. Heri angesema. Nilikaa saa nzima kichwa nimekiinua kama mtu anayetokwa na damu puani.

Lakini hasara iliyoniuma si ya leso. Kopo hili halikuwadanganya watu sana, lilinidanganya mimi. Kwa miaka mitatu sikukiona kichwa changu. Nilikuwa nikitoka bafuni nanyunyiza kabla sijatazama kioo, na kwenye kioo nikamkuta yule kijana wa zamani. Chini ya vumbi, kazi ilikuwa inaendelea.

Kazi gani? Upara wa kurithi, ambao unaweza kutoka upande wa baba au wa mama, huletwa na homoni iitwayo DHT, inayotokana na testosteroni. Vinyweleo, vile vitundu vya ngozi vinamoota nywele, vikiathirika nayo husinyaa pole pole, kila mzunguko unywele unaota mwembamba na mfupi zaidi, hadi unabaki unywele laini wa malaika tu. Vya pembeni na kisogoni havijali sana, ndiyo maana huko hubaki. Madaktari wana ngazi ya kuupima, ya mtafiti Hamilton, ambayo daktari Norwood aliirekebisha mwaka 1975; ina hatua 7. Nilipoanza kunyunyiza nilikuwa ya 3. Nilipojitazama tena nilikuwa ya 5.

Dawa zenye ushahidi zipo: minoksidili, ambayo ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu na ikaidhinishwa Marekani kwa kupaka kichwani mwaka 1988, na finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kilichoidhinishwa mwaka 1997, ambacho hupunguza DHT yenyewe. Hicho kina madhara yake, kwa wanaume wachache hata chumbani, kwa hiyo zungumza na daktari. Zote mbili huchukua miezi, na zote ni hodari zaidi wa kulinda kilichopo kuliko kufufua kilichokwenda. Hapo ndipo miaka yangu mitatu ilipotea. Vumbi lenyewe halinyonyoi nywele, tusilisingizie. Na kama nywele zinatoka ghafla, kwa mabaka, au ngozi inauma, huo si upara ninaousemea hapa; nenda hospitali.

Julius Caesar, yule mtawala wa Roma ya kale, kwa habari za mwandishi wa Kirumi Suetonius, alichana nywele zake chache kuzileta mbele, na katika heshima zote alizopewa hakuna aliyoifurahia kama ruhusa ya kuvaa taji la majani wakati wote. Simcheki. Ila nadhani hata yeye usiku alilivua.

Mimi nimejiwekea utaratibu: kila baada ya miezi mitatu, kichwa kikiwa kimeoshwa, napiga picha ya utosi mahali palepale, chini ya taa ileile. Zipo kwenye simu, hakuna anayeziona ila mimi na daktari. Asubuhi ya kesho yake nanyunyiza kama kawaida.

Sasa nipeni hilo taulo, lile lenye maji. Asante. Hivi... na hapa nyuma pia. Ndugu wa mitambo, taa isogee kidogo kulia. Nainama tena.

Waliokaa nyuma, mnaona? Haya, maswali.