Kupandisha Toleo la Seva Huanza Siku ya Kuisanidi

Mwenyekiti wa kikao, wataalamu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaoingia katika kazi hii: mada niliyopewa ni usanidi wa seva kwa zana huria za wingu, pamoja na upandishaji wa matoleo yake. Wengi huyatenga mambo hayo mawili, na hata huyakabidhi kwa watu tofauti. Mimi nashikilia kwamba ni jambo moja, kwa sababu kila kilichowekwa kwenye seva kwa mkono, bila kuandikwa popote, hukaa kimya hadi siku toleo linapopandishwa, na siku hiyo ndipo kinapojitokeza.

Tarehe 14 Machi 2023, wahandisi wa Reddit, mtandao wa majadiliano, walipandisha mojawapo ya klasta zao (makundi ya seva zinazofanya kazi kama mfumo mmoja) za Kubernetes, programu huria inayoendesha na kusimamia programu nyingine katika seva nyingi, kutoka toleo 1.23 hadi 1.24, na huduma ikakatika kwa dakika 314. Taarifa waliyoitoa wenyewe, ambayo nawashukuru sana kwa uwazi wake, inaeleza chanzo. Kwa miaka mingi nodi za udhibiti, yaani seva zinazoiongoza klasta, zilitambulishwa kwa lebo yenye neno "master". Neno hilo likaachwa hatua kwa hatua ili nafasi yake ichukuliwe na "control-plane", na kufikia toleo 1.24 lebo ya zamani ikaondolewa kabisa. Sasa, mpangilio wa mtandao wa klasta hiyo, uliowekwa miaka kadhaa nyuma, ulikuwa bado unazitafuta nodi hizo kwa lebo ya zamani. Ulipoikosa, nodi zilipoteza njia za kufikiana. Waliouweka mpangilio huo walikwisha kuhamia kazi nyingine, na mpangilio wenyewe haukuwamo katika msimbo wowote. Badiliko la lebo lilitangazwa mapema, lakini tangazo humfaa yule tu anayejua kwamba mfumo wake unaitegemea lebo hiyo.

Hiyo ndiyo sababu naziheshimu zana kama Ansible, inayouweka usanidi wa seva katika maandishi. Ilianza mwaka 2012, haihitaji programu ya kudumu kwenye seva inayosimamiwa, bali huingia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, na kuifikisha seva katika hali iliyoelezwa kwenye faili za YAML, muundo wa maandishi ya usanidi unaosomeka kwa urahisi. Sifa yake kubwa ni kwamba kazi ikirudiwa juu ya seva iliyokwisha kuwa sawa, haibadilishi kitu. Sifa hiyo, hata hivyo, haiji yenyewe. Anayetumia moduli (kipande cha Ansible kinachofanya kazi ya aina moja) ya shell, inayoendesha amri kama ilivyo, kuongeza mstari kwenye faili la usanidi atauongeza tena kila mara anapoiendesha kazi hiyo, ilhali anayetumia moduli ya lineinfile huupata mstari mmoja tu, hata akirudia mara kumi. Kwa hiyo, kila mnapomaliza kuandika, endesheni kazi yenu mara mbili mfululizo, na ikiwa mara ya pili itaripoti badiliko, irudieni kuiandika. Kisha iendesheni mara kwa mara kwa machaguo ya --check na --diff, yanayoonyesha kitakachobadilika bila kukibadilisha: tofauti yoyote itakayoonekana, ilhali faili zenu hazijaguswa, huenda ni ya mtu aliyeingia kwenye seva akarekebisha kwa mkono, na ni heri kumjua leo kuliko usiku wa kupandisha toleo.

Leseni nayo ni sehemu ya usanidi. Mwaka 2023 kampuni ya HashiCorp iliihamisha Terraform, zana yake ya kuunda seva na rasilimali za wingu kwa msimbo, kutoka leseni huria, na jamii ya watumiaji ikaanzisha OpenTofu, toleo mbadala lililo huria, ambayo iko chini ya Linux Foundation. Chagueni mkijua hilo.

Ama kuhusu upandishaji wenyewe, Kubernetes ina utaratibu usiojadiliwa. Nodi za udhibiti hutangulia, tena kwa toleo dogo (nambari iliyo baada ya nukta) moja kwa wakati, kutoka 1.28 huwezi kurukia 1.30. Programu ya kubelet, inayokaa katika kila nodi, haipaswi kamwe kuwa mpya kuliko seva ya API, sehemu ya nodi za udhibiti inayopokea maagizo yote ya klasta, ingawa tangu 1.28 inaruhusiwa kubaki nyuma kwa matoleo madogo matatu. Kila nodi hufungwa isipokee kazi mpya, kontena zake (vifurushi vya programu zinazoendeshwa humo) huhamishwa, nodi yenyewe hupandishwa toleo, kisha hufunguliwa. Kila toleo dogo huhudumiwa kwa takriban miezi 14, kwa hiyo anayeahirisha hujiongezea ngazi za kupanda, moja baada ya moja. OpenStack, mkusanyiko wa programu huria za kujenga wingu lako mwenyewe, inayotoa matoleo mawili kwa mwaka, imewapunguzia wasimamizi mzigo huo: tangu toleo 2023.1 mtu anaweza kulipita toleo la katikati na kupandisha mara moja kwa mwaka.

Limebaki suala la kurudi nyuma, ambalo naliona kuwa ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa Kubernetes haina njia rasmi ya kushusha toleo la nodi za udhibiti. Reddit walilazimika kurejesha klasta kutoka kwenye nakala rudufu, na mwongozo waliokuwa nao ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya toleo la zamani la Kubernetes, hivyo wakawa wanausahihisha huku huduma ikiwa imekatika. Kwa hiyo, kabla ya kila upandishaji, chukueni nakala ya etcd, hifadhidata inayobeba hali yote ya klasta, mkairejeshe katika klasta ya majaribio yenye toleo lile lile linalotumika sasa. Aifanye kazi hiyo mtu ambaye hakuuandika mwongozo, akiwa na mwongozo huo peke yake mkononi, na kila mahali anapokwama parekebishwe siku hiyo hiyo.