Amekuwa Namba Ngapi? Mhadhara kuhusu ripoti ya mwisho wa muhula

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Walimu wakuu, walimu wa madarasa, na nyinyi wazazi mlio kwenye bodi, karibuni. Tuanze mapema, kwa maana feni za ukumbi huu mnaziona wenyewe.

Siku ya kufunga shule, mtoto akitoka getini na karatasi mkononi, awe wa Likoni au wa Kisauni hapa Mombasa, swali la kwanza analokutana nalo ni moja: umekuwa namba ngapi? Swali hili ni la kurithi. KCPE, mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kuanzia 1985 hadi 2023, na miaka mingi watu walimjua mtoto kwa alama zake katika jumla ya 500. Mtihani umekwenda, swali limebaki. Mtaala wa umilisi, unaotazama mtoto anaweza kufanya nini, ulioingia madarasani mwaka 2019, ulituletea viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Walimu wengi tumevichukua tukavijaza pale pale tulipokuwa tukijaza alama. Basi mzazi anasoma "kukaribia matarajio" na kuuliza: matarajio ya nani? Amekaribia kutoka wapi? Hakosei kuuliza.

Ripoti mimi naipima hivi: mama akiisoma Ijumaa jioni, je, Jumatatu ya likizo atajua akae na mtoto wake afanye naye nini? Kama hatajua, wino umepotea.

Tuchukue hesabu moja tuitazame kwa karibu. Gredi ya 4, kutoa kwa kukopa: 402 kutoa 178. Jibu ni 224. Kwenye madaftari ya darasa moja mtakuta majibu matatu yaliyokosewa, na yote matatu yamepigwa mkasi mwekundu wa aina moja.

Wa kwanza kaandika 376. Huyu hakukopa kabisa. Kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu iwe chini: 8 kutoa 2 ni 6, 7 kutoa 0 ni 7, 4 kutoa 1 ni 3. Kwake yeye kutoa ni kutafuta tofauti, na nani yuko juu hakumhusu.

Wa pili kaandika 134. Huyu anajua kukopa, tena vizuri. Alipofika kwenye mamoja akahitaji kumi, akaangalia makumi akaona sifuri, akairuka na kwenda kukopa moja kwa moja kwa 4 ya mamia. Akapata 12 kutoa 8, yaani 4. Aliporudi kwenye makumi akakopa tena kwa mamia: 10 kutoa 7 ni 3. Mamia yamebaki 2, toa 1, imebaki 1. Amechukua mia mbili nzima, na ile ya kwanza akaitumia kama kumi tu.

Wa tatu kaandika 225. Njia yake yote ni sawa, alikosea kuhesabu vidole kwenye 12 kutoa 8.

Sasa niambieni, watoto hawa watatu wakiandikiwa wote "aongeze bidii katika Hisabati", bidii hiyo waipeleke wapi? Wa tatu anahitaji mazoezi ya haraka ya kutoa hadi 20, dakika tano kwa siku, yaishe. Wa kwanza anahitaji kurudi kwenye vijiti na mafungu ya kumi. Wa pili anahitaji chenji. Ndiyo, chenji. Mpe noti nne za mia na sarafu mbili za shilingi moja, umwambie alipe shilingi 178 kamili za mahamri na viazi karai. Hana sarafu ya kumi hata moja. Lazima avunje mia moja ipatikane kumi kumi, ziwe kumi. Halafu achukue moja katika hizo aivunje ipatikane shilingi moja moja. Hapo ndipo anaona kwa macho yake kwamba sifuri ya katikati hairukiki: mia hupita kwenye makumi kwanza ndipo ifike kwenye mamoja. Noti za karatasi za kuchorwa zatosha. Mzazi yeyote anayeuza au kununua kitu anaweza kulifanya zoezi hili bila kufundishwa na mtu.

Mkiandika hivyo kwenye ripoti, sentensi mbili tu, mmempa mzazi kazi anayoiweza.

Kusoma nako kuna mambo yake, na hapa Pwani kuna jambo la ziada nitakalolifikia. Msipime kusoma kwa mtihani wa karatasi peke yake. Mtoto anaweza kujibu maswali ya ufahamu kwa kubahatisha a, b, c, d na bado hasomi. Mketishe karibu yako, mpe aya ya maneno kama 60 ambayo hajapata kuiona, aisome kwa sauti. Tazama saa. Neno likimkwamisha sekunde tatu, mtajie aendelee. Kwenye nakala yako piga mstari chini ya kila neno alilokosea, na dakika ikitimia weka alama pale alipofika. Kisha mwache amalize aya, umuulize maswali mawili: moja ambalo jibu lake limeandikwa, na moja la kufikiria.

Kwa mtoto mmoja kazi hii huchukua kama dakika nne. Darasa la watoto 48 ni dakika 192. Mwalimu akisikia hivyo anakata tamaa, na ndiyo maana wengi hawaifanyi. Lakini igawe. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Sikiliza watoto sita, ni dakika 24, zilizobaki ni za kuwatuliza na kuwapa kazi wengine. Vipindi vinane umewamaliza wote. Ukianza wiki tatu kabla ya kufunga, unakwenda polepole bila kuharibu ratiba. Ukingoja wiki ya mwisho, wakati mitihani, usafi wa shule na kuhesabu vitabu vimekutana, hutaifanya, utaandika tu "anasoma vizuri".

Na saa ya kupimia ina maana yake. Machi, mabati yakishika moto, mtoto wa saa nane mchana si yule wa saa tatu asubuhi. Miaka hii Ramadhani nayo yaangukia muhula wa kwanza: mtoto kaamka kula daku, na mchana kafunga. Mpime asubuhi, kipindi cha pili au cha tatu, na watoto wote wapimwe saa zinazokaribiana. La sivyo mtakuwa mmepima jua.

Sasa lile la Pwani. Mtoto wa Kibokoni au Majengo akikuta neno "njia" akasoma "ndia", akikuta "njaa" akasoma "ndaa", amekosea kusoma? Hakukosea. Ameyaona maandishi, ameyajua maana, ameyatamka kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, cha nyumbani kwao. Kumpigia mstari ni kumhesabia kosa la kusoma ambalo hana, na ukijumlisha hayo kumi utamweka kwenye kundi la wasiojua silabi. Andika pembeni "matamshi ya nyumbani", uendelee. Tofauti na yule anayesoma "ng'ombe" kwa sauti ya "nguo", au anayefika kwenye "dhahabu" akasimama. Huyo kuna sauti zinazomsumbua, na sauti hizo zinatajika: ng', dh, gh, th. Zitaje kwenye ripoti. Kimvita na Kiswahili sanifu mtoto atavibeba vyote viwili, ana mabega ya kutosha. Kazi ya kumfundisha kuandika "njia" ni ya somo la imla.

Haya, tuandike maoni ya mwalimu wa darasa. Yale ya kawaida mnayajua: "Anajitahidi. Aongeze bidii." Kuna shule muhuri umetengenezwa kabisa, mwalimu anapiga tu. Badala yake wekeni mambo matatu: anachoweza sasa, kinachomkwamisha, na kazi moja ya likizo. Nikiandika mbele yenu ubaoni itakuwa hivi:

"Anasoma aya ya maneno 60 kwa dakika moja na nusu na kuieleza kwa maneno yake. Hukwama kwenye ng' na dh. Likizo: asome kwa sauti dakika kumi kila siku, mtu mzima au kaka yake amsikilize, na aandike maneno matano yenye sauti hizo."

Maneno ni kama 40 tu. Kazi iwe moja, nasisitiza. Ukiweka nne hazitafanywa hata moja, kwa sababu likizo ina madrasa, ina safari ya shamba, ina mtoto kutumwa dukani. Tena isije ikawa tangazo la tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza watoto kufundishwa shuleni wakati wa likizo, na mzazi akisoma kila kosa la mtoto wake limefuatiwa na bei, hataamini tena kosa lenyewe.

Utayatoa wapi maelezo hayo ya watoto 48? Kwenye potfolio, yaani jalada la kazi za mtoto, ikiwa inatunzwa. Nyingi zimekuwa majalada ya kupendeza: michoro, vibuyu vya manila, kazi ambazo baba ndiye aliyezikata na gundi ikawa yake. Toa hizo. Bakiza kwa kila mtoto karatasi tatu za somo: ya wiki ya pili, ya katikati ya muhula, na ya wiki ya kumi, zote za ujuzi ule ule, zimeandikwa tarehe juu. Ukizipanga mezani, maendeleo yanaonekana bila hotuba. Karatasi isiyo na tarehe haina ushahidi wowote, itupeni.

Barua ya shule inayoandamana na ripoti nitaipitia haraka. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, maana mzazi wa sokoni Kongowea hana haja ya kutafutiwa mfasiri. Juu kabisa tarehe ya kufungua. Kisha kila gredi ilijifunza nini, mistari miwili miwili. Kisha lililoshindikana, mfano: "Gredi ya 5 haikumaliza hesabu za sehemu (nusu, robo), itaanza nazo muhula ujao." Shule nyingi zinaogopa mstari huo, na ndio unaosomwa. Michezo na muziki vipate aya yao fupi. Karo ya chakula na madeni yawekwe karatasi nyingine kabisa, kwa sababu barua ikianza na pesa mzazi husoma mpaka hapo tu.

Msirushe orodha ya alama kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mbali na aibu anayoipata mtoto wa mwisho, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi wake. Ripoti ya mtoto iende kwa mlezi wake peke yake. Asiyejua kusoma atumiwe sauti ya dakika moja, kwa simu yake yeye, yenye mambo yale yale matatu.

Siku ya wazazi ndiyo inayoharibika zaidi, kwa hesabu tu. Wazazi 48 kwa dakika tano ni saa nne kamili. Mkiwaita wote saa mbili asubuhi, wa mwisho anaonwa saa sita, na kufikia saa nne nusu yao wameshaondoka: mwingine ana zamu bandarini, mwingine ameacha meza ya samaki, mwingine anawazia foleni ya feri. Wapeni zamu za saa moja moja, wazazi kumi na wawili kila zamu, na wanaovuka Likoni waulizwe kwanza zamu gani inawafaa. Ijumaa iacheni, saa sita watu wanakwenda msikitini na hamtakuwa mmemaliza.

Na zile dakika tano zigawe hivi. Mtoto awepo, aketi kati. Dakika ya kwanza asome yeye, aya ile ile aliyopimwa nayo. Mzazi asikie kwa masikio yake. Mbili zinazofuata fungua karatasi tatu za potfolio. Ya nne, taja kazi ya likizo, na mtoto aiseme tena kwa maneno yake. Ya tano mwachie mzazi, maana ana lake: mtoto haoni ubao vizuri, au siku hizi analala kwa bibi yake na hakuna taa ya kusomea. Hayo huyapati kwenye mtihani. Kiwango, yaani kufikia au kukaribia, kitajwe mwisho wakati anatia sahihi. Kikitajwa mwanzo, mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza.

Mzazi akishikilia kuuliza namba ngapi, asikemewe. Mwoneshe karatasi ya wiki ya pili na ya wiki ya kumi, umwambie: huyu alikuwa hapa, sasa yuko hapa.

Shule ikifunguliwa, wiki ya kwanza, kipindi cha kwanza cha Hisabati, wale watatu wapeni tena 402 kutoa 178 kabla hamjafundisha kitu kipya. Badilisheni tarakimu kidogo, iwe 503 kutoa 267, jibu 236, asije mtu akawa amekariri. Aliyerudi na 376 yake, safari hii ataandika 364. Mkiiona 364, chukueni ripoti ya muhula uliopita, mtazame mlimwandikia nini.

Maswali sasa. Mwalimu wa pale dirishani alikuwa ameinua mkono tangu tulipokuwa kwenye chenji.