Fimbo na waya wa kumvulia paiki ukiwa kwenye kayaki

Shikamooni wazee wangu wa Sahare, kule Tanga. Vijana wa Deep Sea, mambo vipi? Leo niko ukingoni mwa ziwa Mälaren, upande wa Västerås, hapa Uswidi. Barafu imeshaondoka, kayaki, kimtumbwi changu cha mtu mmoja, hiyo hapo nyuma yangu, na matete yale mnayoyaona kule ndiko anakojibanza paiki. Mpwa wangu wa Raskazone kaniuliza: mjomba, hiyo waya ya nini, na mbona fimbo yenyewe fupi? Naanza na waya.

Paiki ni samaki wa maji baridi, mwembamba mrefu, mdomo bapa, na mkubwa wao anapita mita moja. Si mkimbizaji. Anatulia kwenye majani, chambo kikipita anachomoka mara moja. Meno yake ni mamia: ya juu yameinama kuelekea kooni, ya taya la chini marefu na makali. Nyie mnaomvua mzia hamhitaji kuelezwa, mshipi mtupu hapo umekwisha. Kwa hiyo mshipi wangu ni wa kusuka, unaohimili mvuto wa pauni 40, halafu kabla ya chambo naweka waya wa chuma wa sentimita 40. Madukani zipo fupi kuliko hizo. Sizitaki, maana paiki akimeza chambo chote, meno yanaupita waya na kuufikia mshipi.

Sasa tazameni hapa, nasogeza kamera. Huyu samaki wa mpira alikuja na ndoana mbili za makucha matatu tumboni. Nimezitoa zote, nimemvisha ndoana moja kubwa, ncha imelala mgongoni kwenye mpira. Inapita kwenye matete bila kunasa. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Kwenye ngalawa unaye mwenzio, na una nafasi ya kurudi nyuma. Kwenye kayaki umekaa, miguu umeinyoosha, na samaki wa kilo nane anakuja kujipigapiga pajani pako. Kucha moja iko kinywani mwake, nyingine inatafuta suruali yako, au mkono. Na maji ya msimu huu ni ya baridi kali, si ya kuchezea. Ndoana moja, na kijino chake, kile cha kuizuia isichomoke, nimekibana kwa koleo. Kwa hilo sina mjadala na mtu.

Wapo wanaotumia samaki mfu kwa boya, kibua au dagaa mkubwa. Ni chambo kizuri sana, ila kwa kawaida hufungwa ndoana za makucha, kwa hiyo mimi hukitumia nikiwa nchi kavu tu.

Haya, fimbo. Ninayo ya mita 2.1. Ndefu zaidi inarusha mbali, ni kweli, lakini ukiwa umekaa chini hivi samaki akishafika ubavuni humfikii, ncha iko mbali mno na wewe. Fupi sana nayo ina balaa lake: paiki anapenda kupiga mbizi chini ya chombo na kutokea upande wa pili. Hapo unazamisha ncha majini, unauzungusha mshipi kupitia mbele ya omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, hivi. Kwa fimbo ya mita moja na nusu omo hulifikii, mshipi unasugua ubavu wa kayaki mpaka unakatika. Angalieni pia mpini wa nyuma. Uwe mfupi, usiokwama kwenye jaketi la kuokolea kila unapozungusha rili.

Fimbo nimeifunga kamba kwenye kiti. Koleo refu nalo lina kamba yake, linaning'inia kifuani, si ndani ya begi. Paiki wakubwa ni majike, ndio wenye mayai, kwa hiyo namtoa ndoana akiwa bado majini na namwachia.

Mnaovua mzia na nguru huko Tanga, niandikieni hapo chini: waya wenu unene gani, na mnaufunga kwa fundo au mnausokota? Nataka kujaribu wa kwenu huku.