Ghorofa Lako, Bomba la Mtaa

Ndugu waendelezaji, wahandisi na wenyeji wa mitaa, asanteni kwa kuja.

Tuanzie Kariakoo. Viwanja vile vilipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili: nyumba ya chini, vyumba sita, ua nyuma. Leo juu ya kiwanja kama hicho limesimama ghorofa. Tupige hesabu. Nyumba ya watu 15, kila mmoja akimwaga lita 80 za majitaka kwa siku, inatoa lita 1,200. Ghorofa la watu 200 kwa kipimo hichohicho linatoa lita 16,000. Bomba la mtaa likibaki lilelile, chemba itafurika tu, na mama lishe atahamisha meza yake.

Ada ya kuunganishwa kwa kawaida huhesabu vifaa na kazi ya kufika kwenye chemba ya karibu. Nafasi unayoichukua ndani ya bomba kuu haimo.

Na pale ambapo bomba halijafika, mwendelezaji huambiwa alivute mwenyewe. Naye huvuta la kumtosha, tuseme milimita 150. Hapa ndipo tunapopoteza fedha. Bomba la milimita 225, kwa mteremko uleule, hupitisha karibu mara tatu ya hilo. Fedha nyingi huishia kwenye kuchimba, kuzuia kingo za mtaro zisibomoke, kufukia na kurudishia lami. Tukimwachia alaze dogo, jirani yake atakuja kuichimba barabara ileile upya.

Jimbo la Washington, Marekani, lina sheria ya jambo hili tangu 1959. Aliyejenga bomba kwa fedha zake huwekeana mkataba na mji, na wanaojiunga baadaye humrudishia sehemu yao, kwa muda uliowekwa.

Kwetu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo inayoidhinisha bei za majitaka. Naomba ada ifuate lita zinazomwagwa, na aliyelaza bomba kubwa arudishiwe na wanaomfuata. Si haki mjane mwenye vyumba vinne achangie upanuzi uliosababishwa na ghorofa la jirani.

Mtaniambia mwenye jengo ataisukumia gharama kwenye kodi. Sehemu yake, ndiyo. Lakini mpangaji huyo analipa hata sasa, kila gari la kunyonya majitaka linapoitwa, na hakuna bomba linalobaki ardhini kwa fedha hizo.