Gavana wa Georgia ana nguvu gani? Stacey Abrams, sera zake, na sisi Wakenya wa huku

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena. Nazungumza nanyi kutoka Marietta, hapa Georgia, kusini mwa Marekani. Huo mngurumo mnaousikia ni jirani anakata nyasi, mnivumilie, Jumamosi huku ndiyo kazi yao.

Kuna swali linanijia kila mara kutoka nyumbani, hasa kwa watu wa Mombasa na Kilifi. "Dada, nyinyi mna gavana na sisi tuna gavana. Wa kwenu anafanya nini hasa? Si kila kitu kinaamuliwa na rais?" Nikaona badala ya kuwasomesha katiba, nimchukue mgombea mmoja ambaye watu wa hapa hawajamaliza kumjadili, Stacey Abrams, tupitie aliyoyataka. Aligombea ugavana wa Georgia mwaka 2018 kwa chama cha Democratic, akagombea tena 2022. Mara zote mbili alishindwa na Brian Kemp wa Republican. Lakini sera zake ndizo zitakazowaonyesha gavana wa huku anashika nini mkononi.

Kwetu, katiba ya 2010 iliziachia kaunti 47 hospitali, chekechea, masoko, taka, barabara ndogo ndogo. Sheria ya jinai ni moja tu, kutoka Lunga Lunga hadi Lodwar. Huku kila jimbo lina sheria yake ya jinai, mahakama zake, leseni zake za udereva, sheria yake ya bunduki, na sasa hata sheria yake ya mimba. Jambo la kukupeleka jela hapa, ukivuka mpaka wa jimbo laweza kuwa halali kabisa. Georgia yenyewe ina kaunti 159, na juu yao wote anakaa gavana mmoja, anayetia saini miswada ya bunge la jimbo au kuikataa. Kwa hiyo mnapokesha kuangalia nani kaingia White House, jueni mimi maisha yangu ya kila siku yanaamuliwa zaidi na jengo lenye kuba la dhahabu pale katikati ya Atlanta.

Sasa huyu mama ni nani? Mzaliwa wa Wisconsin, amekulia Mississippi, wazazi wake wote wawili ni wachungaji wa Kimethodisti. Walihamia Georgia akiwa msichana wa sekondari. Yeye mwenyewe husimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi wa kwanza katika shule yake alialikwa nyumbani kwa gavana pamoja na wanafunzi bora wa jimbo zima, akaenda na wazazi wake kwa basi, na mlinzi wa getini akawaambia hapo si mahali pao. Baadaye akasomea sheria Yale, akaingia bunge la jimbo, akawa kiongozi wa wachache. Tena ameandika riwaya za mapenzi kwa jina la kubuni, na wapinzani walijaribu kumcheka kwa hilo bila mafanikio makubwa. Walichoking'ang'ania ni madeni. Mwaka 2018 alisema wazi kwamba anadaiwa zaidi ya dola 200,000, za chuo, za kadi za mkopo na za kodi ya serikali, na kwamba alichelewa kulipa kodi kwa sababu alikuwa akiwasaidia wazazi wake. Mkenya wa ughaibuni akisikia hivyo hashangai. Anauliza tu, alikuwa akituma ngapi kwa mwezi?

Haya, tuingie kwenye sera, na nianze na ile kubwa, bima ya afya.

Kuna mpango unaitwa Medicaid, bima ya serikali kwa maskini. Gharama wanachangia serikali kuu na jimbo. Sheria ya Obama ya 2010 iliyaruhusu majimbo kuupanua umfikie kila mtu mzima mwenye kipato cha chini, na serikali kuu ingelipa asilimia 90 ya gharama za hao wapya. Majimbo mengi yalikubali, Georgia ikakataa. Abrams akalifanya hilo kuwa jambo la kwanza katika kampeni yake: nikiingia, tunaupanua.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hesabu yake inachekesha kama haikulizi. Mwaka 2018 kiwango cha umaskini kwa mtu anayeishi peke yake kilikuwa dola 12,140 kwa mwaka. Sheria ya Georgia kuhusu mshahara wa chini inasema dola 5.15 kwa saa, ila wafanyakazi wengi wanalindwa na kile cha serikali kuu, dola 7.25. Chukua dada mwenye uraia, hana mtoto, anafanya kazi ya kulea wazee kwa saa 30 kwa wiki kwa mshahara huo wa chini. Kwa mwaka anapata dola 11,310. Medicaid ya Georgia haimtaki, kwa sababu ni mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu. Aende basi kununua bima ya Obamacare, ile ya sheria hiyohiyo ya Obama, kwa ruzuku? Ruzuku inaanza kwenye kiwango cha umaskini kwenda juu, na yeye yuko chini yake. Anaambiwa wewe ni maskini mno kusaidiwa. Mwenzake wa saa 40 anapata dola 15,080, na huyo ruzuku anapewa. Dada wa saa 30 akiumwa jino anakunywa panadol, akiumwa tumbo anangoja, na likizidi anakimbizwa chumba cha dharura, ambako hawawezi kumfukuza, kisha bili inamfuata nyumbani.

Nafanya kazi hiyo ya wazee, kwa hiyo sisimulii habari za mbali. Kwenye zamu ya usiku unamkuta mwenzako anapima presha ya wagonjwa kumi na mbili, halafu yeye mwenyewe anajipima kwa kuibia kwenye kona, kwa mashine ileile, kwa sababu hana daktari. Ananyanyua mkono wa sweta, anaangalia namba, anashusha mkono, anaendelea na kazi. Namba ikiwa kubwa atafanya nini nayo?

Abrams alikuwa na hoja nyingine juu ya hiyo, kwamba hospitali ndogo za vijijini zinafungwa kwa kutibu watu wasioweza kulipa. Hilo liligusa hata wazungu wa mashambani ambao kura yao angeipata kwa shida. Kemp alijibu kwamba kupanua mpango ambao kwake umeshindwa ni kupoteza pesa za walipa kodi. Mimi kwa hili sina kigugumizi: Abrams alikuwa sahihi.

Sasa twende kwenye yale yanayowagawa Wakenya wa huku. Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe, maana nyumbani mnadhani sisi wote tuliohama tumekuwa wa mrengo mmoja.

Abrams anatetea haki ya mwanamke kutoa mimba. Amesimulia kwamba alilelewa akiipinga, na kadiri alivyokua akabadilisha msimamo. Anatetea pia haki za wapenzi wa jinsia moja. Kulikuwa na mswada wa uhuru wa dini ambao wakosoaji waliona ungetoa mwanya wa kuwabagua watu hao, na gavana wa wakati huo, Nathan Deal, Republican, aliukataa mwaka 2016. Abrams akasema naye angekataa wa namna hiyo. Kemp akasema angetia saini, na 2025 akatia kweli.

Basi nenda kanisa la Wakenya hapa Marietta au Lawrenceville Jumapili baada ya ibada, chai imemiminwa, mandazi yapo. Uliza kuhusu Medicaid, kila mama anaitaka, kwa sababu ana binti au mpwa asiye na bima. Uliza kuhusu mimba, meza inanyamaza, halafu mzee mmoja anasafisha koo na kuanza na Yeremia, kwamba Mungu alitujua kabla hatujazaliwa. Watu wetu wanaitaka nusu ya sera za huyu mama. Nusu nyingine wanaiombea ishindwe. Kura nayo haigawanyiki, unachukua mtu mzima mzima. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa hilo kwenye kundi la WhatsApp la familia, na nyumbani wakauliza kulikoni, kwani ni mambo ya shamba?

Kwetu katiba imelizungumzia suala la mimba katika kifungu cha 26, na gavana wa kaunti hana la kusema. Hapa lina uzito wa ajabu. Mwaka 2019 Kemp alitia saini sheria inayozuia kutoa mimba kuanzia mapigo ya moyo yanapoonekana, takriban wiki ya sita, wakati wanawake wengi hata hawajajua. Mahakama iliisimamisha kwa muda, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta haki hiyo ya kitaifa Juni 2022, ya Georgia ikaanza kutumika mwezi uliofuata. Kwa hiyo saini ya gavana mmoja, na tofauti ya kura chache za 2018, mnaona zilipofika.

Bunduki nitazipitia upesi. Deal alikuwa ametia saini 2017 sheria iliyoruhusu wenye vibali kubeba bastola zao chuoni. Abrams alitaka ifutwe, na wanunuzi wote wa silaha wachunguzwe. Kemp alijitangaza kwa tangazo la televisheni akiwa amekaa na bunduki kando ya kijana anayemtaka binti yake, na jingine akijivunia gari lake kubwa la kuwabebea wahamiaji haramu wahalifu. Mwanangu alikuwa mdogo, akaniuliza kama gari hilo litapita mtaani kwetu.

Abrams alitaka pia kuondoa dhamana ya pesa taslimu kwa makosa madogo, kwa sababu maskini anakaa rumande kwa kukosa dola mia chache na kazi inapotea. Georgia ilikwenda kinyume chake: 2024 sheria mpya iliongeza makosa 30 ambayo lazima utoe pesa.

Halafu kuna Stone Mountain. Wale mliokuja kunitembelea nimewapeleka. Ni jiwe moja la matale, kubwa kama kilima, na ubavuni wamechongwa wakuu watatu wa upande uliopigania utumwa, wakiwa juu ya farasi: Jefferson Davis, Robert E. Lee na Stonewall Jackson. Kundi la wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan lilifufuliwa juu ya mlima huo mwaka 1915. Mwaka 2017 Abrams alisema michoro ile iondolewe. Washauri wengi wangemwambia mgombea mweusi wa kusini anyamaze. Ukiuliza mimi, lilimgharimu kura, na sheria ya jimbo inailinda michoro hiyo hata hivyo. Bado iko. Wakenya wanapanda mlima kila wikendi na vikapu vya nyama choma, wanapiga picha wakiwa wameipa mgongo.

Na mwisho ni kura yenyewe. Mwaka 2018 Kemp alikuwa mgombea na wakati huohuo Katibu wa Jimbo, yaani ndiye msimamizi wa uchaguzi. Fikirini mwenyekiti wa IEBC, tume yetu ya uchaguzi, awe kwenye karatasi ya kura! Ofisi yake ilikuwa imezuia maombi ya usajili kama 53,000, wengi wao watu weusi, kwa sababu jina halikulingana herufi kwa herufi na kumbukumbu za serikali. Wenye maombi hayo waliruhusiwa kupiga kura wakionyesha kitambulisho, lakini ni wangapi walilijua hilo? Sasa mwiteni Mkenya aitwaye Ng'ang'a au Ong'era. Kwenye leseni ya udereva king'ong'o kimekatwa alama yake, kwenye cheti cha uraia kipo, kwenye kadi ya kazi kuna nafasi tupu katikati. Watu watatu kwa mtu mmoja.

Kemp alipata asilimia 50.2, Abrams 48.8, tofauti ya kura zipatazo 55,000. Siku kumi baada ya uchaguzi Abrams alikiri kwamba Kemp ataapishwa, lakini akakataa kusema ameshindwa kwa haki. Hapo mimi na yeye tulitengana kidogo. Kundi alilolianzisha lilikwenda mahakamani, na 2022 jaji wa serikali kuu alilikatalia madai yote. Mwaka huohuo Abrams aligombea tena, pengo likawa zaidi ya asilimia saba.

Na yule dada wa saa 30? Julai 2023 Kemp alianzisha mpango wake mwenyewe, Georgia Pathways. Unapata bima kama kipato chako hakizidi kiwango cha umaskini, mradi uthibitishe saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kujitolea. Mwaka wa kwanza walijiandikisha elfu chache tu. Kumlea mama yako mgonjwa nyumbani hakukuhesabiwa kuwa kazi. Kumlea mama wa mtu mwingine, kwa malipo, kulihesabiwa.

Novemba 2026 kiti kiko wazi, maana Kemp haruhusiwi kugombea tena baada ya mihula miwili mfululizo. Wenye uraia huku, usajili wa kura mnaweza kuuangalia kwenye simu sasa hivi, na angalieni hiyo alama ya king'ong'o. Wa nyumbani, niandikieni hapo chini gavana wenu amefanya nini na hospitali ya kaunti, nitazisoma zote nikitoka zamu.