Nguvu Ambayo Miungu Huazima

Mabibi na mabwana, ubeti wa kwanza wa Saundarya Lahari, utenzi wa Kisanskriti ambao mapokeo ya Kihindu huunasibisha na mwanafalsafa Shankara, unamweka mungu Shiva mahali pagumu. Akiungana na Shakti, mungu wa kike, anaweza kuumba. Asipokuwa naye, hawezi hata kutikisika. Wafuasi wa Shakti wanauchukua ubeti huo kwa uzito wote: yeye ndiye nguvu inayouzaa ulimwengu, kuulea na kuurudisha ndani yake, na miungu wa kiume huazima kwake.

Sasa tukiangalie kisa cha Devi Mahatmya, maandiko yenye beti 700 kwa hesabu ya mapokeo. Mahishasura, jini mwenye umbo la nyati, amewafukuza miungu mbinguni. Hasira zao zinawatoka kama mwanga, mwanga unakusanyika, anatokea mwanamke: ndiye Shakti, Mama wa wafuasi wake. Shiva anampa mkuki wa ncha tatu, mungu Vishnu gurudumu lake, Himalaya simba wa kupanda. Naye, kabla ya kumuua nyati, anakunywa kwanza divai na kumwambia adui aendelee kunguruma maadamu yeye bado anakunywa! Msomaji wa haraka atadhani miungu ndio waliomuumba. Lakini arudi sura ya kwanza: Vishnu amelala, na usingizi wenyewe ni huyo Mama. Mungu Brahma hana budi kumwomba yeye amwachie Vishnu aamke. Kumbe zile silaha zilikuwa zinarudishwa kwa mwenyewe.

Je, imani hii humkomboa mwanamke? Si lazima. Katika hekalu la Kamakhya, Guwahati, jimboni Assam, patakatifu pa ndani hapana sanamu. Pana mwamba wenye ufa unaolowa maji ya chemchemi, nao huheshimiwa kama uke wa Mama. Kila Juni waumini husema yuko mwezini. Milango hufungwa siku tatu, wakulima hawalimi, kisha umati hugombea vipande vya kitambaa chekundu. Kule Sabarimala, jimboni Kerala, kwenye hekalu la mungu Ayyappa, wanawake wa miaka 10 hadi 50 walizuiwa kuingia kwa sababu ya hedhi hiyohiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India ililiondoa katazo hilo, majaji 4 kwa 1. Wanawake wakaingia barabarani kwa maelfu, wengine kuiunga mkono hukumu, wengine kuipinga.