Mgombea Kajitoa, Kura Ziko Njiani: Kwa Nini Hatukumfuta Jina

Haya wadau, habari za Shangani, habari za Mikindani, na nyie wa Newala na kibaridi chenu. Leo nimekaa hapa kwa swali moja tu, maana limenichosha. Tangu niseme kwamba mgombea wa bodi ya chama cha wenye nyumba mtaani kwetu kajitoa uchaguzi ukiwa umeshaanza, kila nikishika simu ni lile lile: "Si mngemfuta jina tu?" Mwingine kaniandikia, "Dada unajikweza na nyumba ya Marekani." Nyumba ni ya benki, mpenzi. Mimi nalipa mkopo, na juu ya mkopo nalipa ada ya chama cha wenye nyumba, ambayo hata mkopo ukiisha kesho, yenyewe haiishi.

Hapa California ukinunua nyumba kwenye mtaa wenye chama, umeshakuwa mwanachama, hakuna cha "mimi simo". Deni la ada likifika dola 1,800, au likipita miezi 12, wanaruhusiwa kuanza utaratibu wa kuiuza nyumba yako. Sasa mnaocheka "uchaguzi wa wenye nyumba nao ni uchaguzi?", muelewe watu wanagombania nini.

Huyu baba aliyejitoa simlaumu, kazi imemhamisha. Tatizo ni muda. Sheria ya vyama hivi, Davis-Stirling ya mwaka 1985, inataka karatasi za kura zitumwe angalau siku 30 kabla. Zinakuja na bahasha mbili. Ya ndani haina jina wala sahihi, unatia kura unafunga. Ya nje unaandika jina, anwani, unasaini. Na kura ikishapokelewa na msimamizi wa uchaguzi, hairudi, hata ulie.

Barua yake ya kujitoa imekuja majirani wengine wameshapiga kura. Ukichapa karatasi mpya, hao unawafanyaje? Kufungua bahasha uone nani kampa nani, huwezi. Kuzitupa ni kuwanyang'anya kura waliowahi. Kuanza upya kunawezekana, lakini ni siku 30 nyingine, uchapaji, stempu, na msimamizi alipwe tena. Tangu 2020 msimamizi hawezi kuwa ile kampuni yenye mkataba wa kutuendeshea mtaa. Ama mpate mwanachama asiyegombea wala asiye na ndugu kwenye bodi, ama mlipe mtu wa nje. Sisi tunalipa.

Na katikati ya hayo mjomba ananipigia, salfa imepanda, mikorosho haijapuliziwa. Namwambia mjomba, mwezi huu chama kimenipiga faini kwa kuacha pipa la taka barabarani usiku. Anacheka! "Mwenye nyumba gani anatozwa kwa pipa lake?" Hajaniamini mpaka leo.

Tulichofanya ni hivi. Habari ilianza kwa jirani, na kuna waliotaka kuitangaza siku hiyo hiyo. Ya kusikia si kujitoa. Tukamtaka aandike mwenyewe, atie tarehe, nakala iende kwa msimamizi. Jina likabaki kwenye karatasi. Wanachama wote wakatumiwa tangazo fupi: fulani kajitoa, karatasi ni zile zile, kura iliyopokelewa haibadilishwi. Kuna mjumbe alitaka kuongeza mstari kwamba sasa mpigieni fulani. Hapo nilipandisha sauti, nasema kweli. Tangazo la chama halimpigii mtu kampeni.

Lakini kubwa zaidi ni hili: mtu aliyejitoa anaweza kushinda. Katiba yetu inasema kiti kikiwa wazi bodi inateua wa kukijaza. Vyama vingine vinamchukua anayefuata kwa kura. Nikang'ang'ania liandikwe kwenye muhtasari kabla ya kuhesabu, maana bahasha zikishafunguliwa kila mtu anajua kifungu gani kinambeba nani, na katiba inaanza kusomwa kwa macho ya mgombea.

Mjomba naye kauliza, na AMCOS yao, kile chama chao cha ushirika wa wakulima, je? Mjomba, nyie mkipiga kura pale pale mkutanoni, mtu akijitoa asubuhi mnaambiana wote kabla hamjapiga. Sisi kura zinasafiri kwa posta. Someni masharti yenu, mimi si mwanasheria, nasema ya mtaani kwangu tu, na hata mtaa wa jirani wana utaratibu wao.

Basi, siku ya kuhesabu, viti viwili, na yule baba akawa wa pili. Kashinda hayupo! Mama aliyekuwa wa tatu akasimama akidai kiti ni chake. Kwa moyo wangu ningempa. Kwa katiba, hapana, na tulishaandika. Bodi ikateua mtu ambaye hakugombea kabisa, rafiki wa mwenyekiti. Halali, lakini haijanipendeza, na gharama ya lile tangazo la kujitoa imeingia kwenye ada yetu sote. Kikao kijacho naiomba risiti.